Kalliroi Aliyekula Mpaka Agosti

Mara ya nne Stamatia alipoambiwa arudi wiki ijayo, aliuweka mkoba wake juu ya kaunta ya manispaa na kusema haendi popote. Alikuwa na miaka hamsini na sita, miguu imemvimba kwa ngazi za ofisi za watu, na katika miaka thelathini ya kushona nguo hajapata kumwambia mteja mmoja arudi wiki ijayo mara nne. Wangemvunjia dirisha.

Karani, mwanamke mnene mwenye miwani iliyoning'inia shingoni, alishusha pumzi na kulisogeza daftari upande wake.

"Haya, dada yangu, angalia mwenyewe ili usiseme nakuficha. Vifo vya mwaka arobaini na mbili ndivyo hivi. Januari ipo mpaka tarehe kumi na moja. Ukifunua, Februari tarehe tatu. Katikati hakuna kitu."

"Hakuna kwa nini? Watu waliacha kufa?"

"Msajili ndiye aliyekufa."

Stamatia alimkazia macho aone kama anataniwa. Hakuwa anataniwa. Msajili alikufa kwa njaa kama watu aliokuwa akiwaandika, na kwa wiki tatu hakutokea mtu wa kuishika kalamu yake.

"Na waliokufa wiki hizo tatu?"

"Hao ndio unaowatafuta wewe na nusu ya mtaa," karani alisema. "Jaribu makaburini."

Stamatia alitoka pale akisonya mpaka watu wa foleni wakageuka. Haikuwa tabia yake. Lakini Oktoba ile yote ilikuwa imempita akipigwa danadana kutoka ofisi hii hadi ile, na Novemba nayo ilikuwa inakatika.

Aliyekuwa akimtafuta ni bibi yake mzaa mama. Kalliroi aliletwa Pirea na meli ya wakimbizi kutoka Smirna mwaka wa ishirini na mbili, msichana mdogo asiye na karatasi hata moja, akaolewa mtaani, akazaa mtoto mmoja, akafa kipupwe cha kwanza baada ya Wajerumani kuiteka nchi. Hayo tu. Picha hakuna, kaburi hakuna. Hata jina halikurithiwa, maana binti wa kwanza huchukua jina la mama wa baba, ndiyo sababu Stamatia akaitwa Stamatia. Kalliroi angekuwa binti wa pili, na binti wa pili hakuzaliwa. Stamatia mwenyewe hana mtoto. Sasa parokia ilikuwa inasimamisha jiwe la marumaru uani mwa kanisa, lenye majina ya watu wote wa mtaa waliouawa na njaa ile, kwa kuwa miaka sabini inatimia Januari. Asiyekuwemo kwenye jiwe lile hatakuwemo popote tena. Hilo ndilo lililokuwa likimnyima Stamatia usingizi.

Na kuingia kwenye jiwe si mchezo. Kamati ilitaka karatasi ya kifo, au mstari kwenye kitabu cha maziko, au mashahidi wawili waliokuwepo. Siku ya mwisho ya kuleta ilikuwa Ijumaa ya mwisho ya Novemba, kwa sababu mchonga mawe ana kazi nyingine.

Ungedhani wa kumsaidia angekuwa mama yake. Elpiniki alikuwa na miaka sabini na tisa, akili timamu, ulimi timamu zaidi, na alijua nani kaoa nani mtaani tangu kabla ya vita. Lakini ukimwuliza habari za Kalliroi alikuwa na jibu moja.

"Alikufa kwa njaa. Kama wengine."

"Siku gani, mama?"

"Siku ya baridi." Kisha ananyanyua kidude cha televisheni na kuongeza sauti.

Makaburini hali ilikuwa mbaya zaidi, kwa sababu huko kitabu kilikuwa kamili. Mlinzi alimfungulia ukurasa wa Januari na Stamatia akashuka nao kwa kidole. Mwanamke, jina halijulikani, kama miaka arobaini. Mwanamume, jina halijulikani. Mtoto. Mtoto. Mwanamke, jina halijulikani. Mistari ilikuwa imeandikwa kwa mwandiko safi, wino uleule, siku baada ya siku.

"Hawa wote walitoka wapi bila majina?" aliuliza. "Walidondoka kutoka mbinguni?"

"Walikuwa wanakutwa nje ya ukuta alfajiri," mlinzi alisema. "Wameachwa."

"Na nani?"

Mlinzi alikuna kichwa. "Na watu, mama."

Akamwuliza mifupa yao iko wapi, ingawa alijua. Wenye majina hufukuliwa baada ya miaka mitatu, mifupa ikaoshwa kwa divai na kuwekwa kwenye kisanduku chenye msalaba. Stamatia mwenyewe alimwosha baba yake hivyo, akalia, akapata nafuu. Wasio na majina walikwenda shimoni wote pamoja, na juu ya shimo lile sasa ni maegesho ya magari ya kubebea majeneza. Alisimama akiyatazama magari yale, hasira imemkaba, asijue hata amkasirikie nani.

Jumatano ya wiki ya mwisho alipigiwa simu na Thrasos. Thrasos Hatzoglou, mwenyekiti wa kamati, alikuwa mwalimu mstaafu wa miaka sabini na nne, mtu wa tai hata akienda kununua samaki, na alipenda kusahihisha watu. Alimwambia aje ukumbi wa parokia upesi, kuna habari njema.

Mezani kulikuwa na daftari refu lenye jalada la kitambaa, limeliwa na panya pembeni. Lilikuwa la jiko la parokia la wakati wa njaa, lililokutwa nyuma ya kabati la mavazi ya padri. Kila Jumatatu mwenye kadi alipewa maharagwe na unga wa mahindi, na kila Jumatatu akatia sahihi.

"Bibi yako nimempata," Thrasos alisema.

Stamatia aliliinamia daftari. "Wapi? Alikufa lini?"

"Hapo ndipo penye shida." Thrasos alifunua kurasa za mwisho na kugonga mstari kwa kalamu. "Tazama. Kalliroi Deligianni. Agosti, mwaka arobaini na tatu. Amepokea, ametia sahihi. Njaa kubwa ilishapita. Bibi yako alikula mpaka Agosti, Bi Stamatia."

"Haiwezekani. Mama anasema alikufa kipupwe cha kwanza."

"Mama yako alikuwa mtoto."

Mweka hazina wa kamati, Bi Loukia, ambaye hakuulizwa, alisema kutoka mwisho wa meza, "Huyo kama alikufa basi alikufa kwa kuvimbiwa." Akacheka peke yake.

Thrasos hakucheka, lakini alichosema kilikuwa kibaya zaidi. "Mimi simsemi mtu vibaya. Nyakati zile wapo wanawake waliopata wa kuwalisha. Askari wa Kiitaliano walikuwa na unga. Wengine baadaye waliondoka na askari hao. Ndiyo maana huoni kaburi."

Stamatia alihisi masikio yanawaka. "Thrasos, baba yako alikuwa muungwana. Sijui wewe walikuokota wapi."

"Mimi nasoma kilichoandikwa."

"Basi kisome mpaka kikuingie!" Alichukua mkoba na kutoka, na mlango wa ukumbi aliupiga kwa nguvu hata mshumaa wa mlangoni ukazimika.

Alikwenda moja kwa moja kwa Padri Lefteris, akamkuta anafagia sakristia mwenyewe. Alimwaga yote kwa pumzi moja, akamwomba awe shahidi. Parokia nzima inajua familia yao, mama yake kila mwaka anachemsha ngano ya kuwakumbuka marehemu na kuleta karatasi ya majina ya kuombewa.

Padri aliegemea ufagio. "Mwanangu, ningependa. Lakini mama yako hajapata kuniletea jina la Kalliroi kwenye karatasi ya marehemu."

"Unasemaje, Padri?"

"Nimeisoma miaka ishirini na mbili, naijua kwa moyo. Yupo baba yako, yupo babu yako, wapo mashangazi. Kalliroi hayupo." Akavuta droo, akatoa karatasi mbili alizozibana pamoja, moja ya marehemu, nyingine ya walio hai. Akaiweka mbele yake ile ya walio hai. Mwandiko ulikuwa wa Elpiniki. Stamatia. Binamu wa Volos na watoto wake. Na juu kabisa, kabla ya wote, Kalliroi.

"Nilidhani ni shangazi yenu wa ng'ambo," Padri alisema. "Kila Jumapili namwombea afya."

Stamatia hakukumbuka alivyofika nyumbani. Alimkuta mama yake jikoni anachambua dengu kwenye sinia, mawe upande huu, dengu upande ule. Hakuvua hata koti.

"Mama. Bibi yu hai?"

"Umerukwa na akili?"

"Mimi nimerukwa na akili! Miezi miwili natembea kama mwendawazimu, naitukana manispaa, leo Loukia kanichekea usoni, Thrasos kamwita bibi malaya wa Waitaliano, na wewe unamwandika kwa Padri na watu walio hai! Alikwenda wapi? Alituacha? Sema tu. Kama alikwenda na mwanamume alikwenda, mimi nitanyamaza na jiwe lao walibebe wenyewe!"

Elpiniki aliendelea kuchambua. Vidole vyake vilikwenda haraka, halafu polepole, halafu vikasimama.

"Thrasos kasema hivyo?"

"Kasema, na ana daftari. Bibi alitia sahihi mpaka Agosti."

"Ilikuwa siku ya Mtakatifu Antoni," Elpiniki alisema. "Jumamosi. Niliamka nikamwambia asogee, mguu wake una baridi, unanigusa. Hakusogea."

Stamatia alivuta kiti, akakaa.

"Baba alikaa kitandani muda mrefu. Halafu akasema, akiandikwa kuwa amekufa, kadi inarudi. Kadi zilikuwa tatu na hazikutosha. Kwa mbili tungekufa sisi. Mimi kwanza, maana nilishaanza kuvimba miguu. Akasema hakuna kuambia mtu. Tukakaa naye mchana kutwa na usiku. Alfajiri ya Jumapili tukamvua gauni, kwa sababu lilikuwa na kiraka chekundu ambacho mtaa mzima unakijua. Tukamvika fulana ya baba. Baba akaazima mkokoteni wa mkaa. Mimi nilitembea mbele niangalie kona. Niliambiwa nisilie, anayelia barabarani anaulizwa." Aliibana midomo. "Sikulia. Tukamlaza penye ukuta, kulikuwa na wengine tayari. Nilitaka kumfunika uso, baba akasema kitambaa kitatambuliwa."

Stamatia alikumbuka kile kitabu safi cha mlinzi. Jumapili ile, tarehe kumi na nane, alikuwa ameisoma kwa kidole chake mwenyewe. Wanawake wanne wasiojulikana. Alikuwa amempita bibi yake kwa kidole, na hatajua kamwe ni yupi kati ya wale wanne.

"Na kanisani?"

"Kanisani watu walikuwa wanasikiliza majina kwa masikio ya paka. Padri akimsoma Kalliroi upande wa marehemu, kabla ya mchana jirani kashasema na kadi imekatwa. Basi baba akamwandika na walio hai. Wiki ya kwanza, wiki ya pili. Nami nikazoea."

"Mama, vita viliisha! Miaka sabini!"

"Unanifokea nini? Ningeanzia wapi?" Sauti ya Elpiniki ilipasuka. "Ningemwendea Padri nimwambie nini? Mama yangu nilimtupa ukutani kama paka, halafu nikala maharagwe yake mwaka na nusu? Unaona ni neno la kumwambia mtu baada ya misa? Nilikuwa nakula, Stamatia. Nilikuwa nakula na yalikuwa matamu."

Sinia ilimponyoka, dengu zikamwagika, na hakuna aliyeinama kuziokota. Stamatia alikuwa bado na hasira, hasira tele, ila hakuwa tena na pa kuipeleka. Aliuliza jambo ambalo lingempita kama asingekuwa fundi aliyezoea kuangalia kazi imepitia mikono ya nani.

"Jumatatu nani alikwenda kuchukua?"

"Baba alikuwa bandarini. Mimi."

"Nani alitia sahihi?"

"Mimi. Nilikuwa darasa la tatu, nilikuwa naandika vizuri."

Ijumaa Elpiniki alivaa koti lake jeusi la mazishi, akakataa kushikwa mkono barabarani. Ukumbini Thrasos alikuwa na orodha ya mwisho mbele yake, imepigwa chapa, na mchonga mawe ameketi pembeni na kofia magotini. Bi Loukia alikuwa anamimina kahawa.

"Mashahidi wawili," Thrasos alisema kabla hawajaketi. "Au karatasi. Nimeshaeleza."

"Shahidi gani?" Stamatia alipaza sauti. "Jambo lenyewe lilifichwa! Watu walijitesa mtu asijue, sasa wewe unataka waliojua wawili!"

"Usimpigie mzee kelele," Elpiniki alimwambia, ingawa mzee alikuwa yeye. "Thrasos, nipe daftari la maharagwe."

Alivaa miwani. Alifunua kuanzia mbele, siyo nyuma kama alivyofanya Thrasos, akilamba kidole kila ukurasa. Desemba. Mwaka mpya. Kisha akaweka kidole.

"Hapa bado ni yeye. Jumatatu tarehe kumi na mbili. Unaona anavyoburuta mkia wa herufi ya mwisho? Alifundishwa Smirna, na watawa." Akafunua. "Tarehe kumi na tisa. Huyu ni mimi."

Thrasos aliinama. Mwandiko wa juma lililotangulia ulikuwa mwembamba na wa kulala. Huu ulikuwa wa herufi kubwa za mviringo, kila moja imesimama peke yake, na kalamu imekandamizwa mpaka karatasi ikatoboka. Mwalimu wa miaka thelathini na tano hakuhitaji kuambiwa huo ni mwandiko wa darasa la ngapi.

"Alikufa Jumamosi katikati ya hizi mbili," Elpiniki alisema. "Tarehe kumi na saba. Mwili tuliutupa sisi ili kadi ibaki. Zote zinazofuata ni mimi, mpaka Agosti walipobadilisha kadi na kutaka kumwona mtu mwenyewe. Hakwenda na Mwitaliano yeyote. Ukitaka nitakuandikia jina lake sasa hivi ulinganishe."

Thrasos aliendelea kuliinamia daftari. Bi Loukia alikuwa amesimama na birika hewani. Stamatia, aliyekuwa amejiandaa kwa vita, alidhani mtu yule anatafuta kanuni nyingine ya kuwakatalia.

Lakini Thrasos hakuwa anautazama mstari wa Kalliroi tena. Sasa kwa kuwa ameonyeshwa la kutazama, macho yake yalikuwa yanashuka na safu. Alifunua nyuma ukurasa mmoja, akafunua mbele miwili. Katika ukurasa wa Februari palikuwa na mwandiko mwingine uliogeuka ghafla, na chini yake mwingine. Mmoja ulikuwa alama ya msalaba tu, pale ambapo juma lililotangulia palikuwa na jina. Kisha akaacha kufunua, na kiganja chake kikalala juu ya mstari mmoja kwa upole, kama mtu anayefunika kikombe asimiminiwe zaidi. Hakikufunika kutosha. Stamatia alisoma pembeni ya kidole gumba: Hatzoglou, Efthalia.

"Bibi yangu," Thrasos alisema, bila kumwambia mtu. "Walituambia alikufa baada ya vita. Kwa moyo. Alikufa amelala."

Alikiondoa kiganja, akatazama tena, akakirudisha.

"Funga, Thrasos," Elpiniki alisema. "Tulikula wote."

Hakulifunga. Aliivuta orodha yake iliyopigwa chapa, akatoa kalamu mfukoni, na kwa mwandiko wake mzuri wa ubaoni akaandika pembeni: Kalliroi Deligianni, tarehe kumi na saba Januari. Akampa mchonga mawe asome kama kunasomeka. Halafu akairudisha kwake, akaandika Efthalia, na kalamu ikasimama.

Alimwinulia Elpiniki macho, mtu wa tai na kanuni.

"Tarehe ngapi?" aliuliza. "Dada Elpiniki, wewe ulikuwepo. Ilikuwa tarehe ngapi?"

"Ya mama yangu ninaijua," Elpiniki alisema. "Ya kwenu siijui, mdogo wangu. Nyinyi pia mlificha."